Uliza Mwalimu Mkuu: Vishikwambi, mitihani na nani anayefikiri darasani

Mwezi huu barua ni nyingi na karibu zote zinazunguka mambo mawili, vifaa vya kidijitali na mitihani, kwa hiyo nimezichanganya tu humu humu maana kwangu mimi ni jambo moja. Kila anayekuja ofisini na programu mpya ya kuuza, au na ratiba mpya ya majaribio, namuuliza swali lile lile: hapo darasani kazi ya kufikiri itakuwa inafanywa na nani? Wengi huwa hawajajiandaa kwa swali hilo, wamejiandaa kuongelea betri na udhamini. Haya tuanze.

Shikamoo Mwalimu. Shule ya mwanangu iligawa vishikwambi kwa darasa zima, wazazi tulichangia na tulifurahi sana, ila mwaka umeisha na matokeo ni yale yale. Tukiuliza tunaambiwa tuwe na subira. Tusubiri mpaka lini?
*Mama wa watoto wawili*

Marahaba mama. Msisubiri, ulizeni. Kifaa chenyewe hakifundishi na hili sio jambo jipya, mwaka 1913 mvumbuzi Thomas Edison aliliambia gazeti moja la Marekani kwamba vitabu karibu vitapitwa na wakati mashuleni, filamu zitafundisha kila kitu na ndani ya miaka 10 mfumo wote wa shule utakuwa umegeuka. Miaka 10 ikapita, vitabu vikawepo. Ikaja redio, ikaja televisheni, zikaja kompyuta, kila moja na ahadi yake na kila moja na watu wake wa kupiga debe.

Mfano unaonifikirisha zaidi ni wa Peru. Serikali yao iliingia kwenye ule mpango wa One Laptop per Child, yani laptopu moja kwa kila mtoto, ikagawa laptopu zaidi ya 800,000, afu watafiti wakaenda kupima kwenye shule za msingi 319 za vijijini. Shule zilizopewa zilitoka kompyuta 1 kwa watoto kama 8 hivi zikafika zaidi ya 1 kwa kila mtoto, yani ndoto ya mwalimu yeyote. Ripoti ilipotoka 2012, alama za hisabati hazikupanda na alama za lugha hazikupanda. Laptopu zilifika, watoto walizitumia, walijifunza kuzitumia, ila somo lenyewe darasani lilibaki lile lile.

Sasa usije ukasema mwalimu mkuu huyu ni mzee wa chaki. Kule Delhi, India, kuna utafiti uliochapishwa 2019 kuhusu programu inaitwa Mindspark. Watoto walichaguliwa kwa bahati nasibu nani apate nafasi na nani akose, na baada ya miezi 4 na nusu tu waliopata walikuwa wamewaacha wenzao kwenye hisabati na kwenye Kihindi, tena sio kidogo. Kwa nini pale ikafanya kazi? Kwa sababu wengi wa wale watoto walikuwa nyuma ya darasa lao kwa miaka, mtoto yuko darasa la nane kichwani hesabu zake ni za la tano, mwalimu mbele anaendelea na mtaala kama kawaida. Programu ilikuwa inamtafuta mtoto pale alipo na kuanzia hapo. Hiyo ni kazi ambayo mwalimu mwenye watoto wengi mbele yake anaitamani sana ila mikono haimtoshi.

Kwa hiyo nenda shuleni uwaulize kwa upole, hiyo programu iliyomo inamuanzia mtoto wangu alipo au kila mtu yuko ukurasa mmoja? Na taarifa zinazotoka humo, nani anazisoma, na wiki iliyopita alibadilisha nini kwenye somo baada ya kuzisoma? Wakijibu hilo la mwisho kwa mfano halisi, wape muda. Wakianza kukueleza kuhusu ubora wa skrini basi mlinunua kitabu chenye chaja.

Mwalimu, nafundisha lugha sekondari. Toka hii ChatGPT, programu ya akili bandia inayoandika yenyewe, imeingia insha zote zinafanana, mtoto ambaye darasani hawezi aya moja ananiletea kurasa tatu safi hazina kosa. Kuna programu za kuwakamata na mkuu wetu anataka tununue moja. Unashauri ipi?
*Mwalimu wa lugha*

Hakuna. Mwambie mkuu wako hela hiyo anunue karatasi. OpenAI wenyewe, waliotoa ChatGPT Novemba 2022, walileta kifaa chao cha kutambua maandishi ya mashine mwanzoni mwa 2023, na Julai ya mwaka huo huo wakakiondoa wenyewe kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Kama aliyeitengeneza mashine ameshindwa kuitambua, huyo anayekuuzia wewe ameipatia wapi siri hiyo? Na mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walizijaribu programu 7 za aina hiyo kwa insha za watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, insha zilizoandikwa na binadamu kabisa, na kwa wastani zaidi ya nusu zikadaiwa ni za mashine. Sababu ni rahisi tu, mtu anayejifunza lugha anatumia maneno ya kawaida na sentensi zinazotabirika, na programu inatafuta hicho hicho. Sasa fikiria umemsimamisha mtoto mbele ya mzazi wake umemwita mwizi, ushahidi wako ni asilimia iliyotoka kwenye programu, na mtoto aliandika mwenyewe usiku kucha. Hapo utarudije darasani?

Ila wasiwasi wako ni wa kweli na sitaki kuupuuza. Kuna utafiti wa Uturuki, karibu wanafunzi elfu moja wa sekondari, hisabati. Kundi moja walifanya mazoezi wakiwa na GPT-4 ya kawaida, yani mashine ile ile ya ChatGPT, kundi la pili wakapewa iliyofungwa, ambayo inatoa vidokezo bila kumpa mtoto jibu, na la tatu vitabu na madaftari yao tu. Kwenye mazoezi kundi la kwanza walipaa, alama zao zikawa juu kwa asilimia 48 kuliko wale wa madaftari. Kisha mashine zikaondolewa wakafanya mtihani, na kundi lile lile likaanguka, asilimia 17 chini ya wenzao ambao hawakuwahi kuigusa kabisa. Wale wa vidokezo hawakuanguka hivo. Ukimtuma mwenzio akakimbie asubuhi kwa niaba yako, pumzi anapata yeye, ndo hicho kilichotokea pale.

Kwa hiyo mimi ningefanya hivi kwa insha. Ondoa maksi kwenye kazi ya nyumbani kabisa, maana maksi ndo inayomfanya mtoto atafute njia ya mkato, akisoma nyumbani asome, akikusanya hoja akusanye hata kwa hiyo mashine, ila kuandika kunafanyika darasani kwa kalamu mbele yako. Rasimu ya kwanza unaiona, unaandika maneno mawili pembeni, anairudia. Afu insha ikishakamilika muite dakika tatu tu, muulize kwa nini hoja hii umeiweka mwanzo, hapa ulimaanisha nini, ungeambiwa uipunguze nusu ungetoa kipi. Aliyeandika anajibu hata akibabaika. Ambaye hakuandika utamuona tu, na huhitaji kumwita mwizi, unamwambia kaandike tena hapo kwenye kiti cha mbele. Najua utaniambia darasa ni kubwa, sawa, chagua watano kila juma bila kutangaza mapema ni akina nani. Wote watajiandaa.

Mimi ni mwanafunzi. Shule yetu ina majaribio kila Ijumaa, mwisho wa mwezi kuna mengine, bado moku. Tumechoka jamani. Kwani kupimwa kunafundisha nini si bora muda huo tungesoma??
*Niliyechoka, kidato cha tatu*

Pole sana. Nitakuudhi kidogo afu nitakutetea.

Kupimwa kunafundisha, na ndo kitu ambacho karibu kila mwanafunzi hakiamini. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kifungu cha habari wasome. Baadhi wakakisoma tena mara ya pili, wengine wakafunikiwa karatasi wakaambiwa waandike wanachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele, asilimia 81 kwa 75. Ila wiki moja baadaye mambo yakageuka, waliorudia kusoma walikumbuka asilimia 42 na waliojilazimisha kukumbuka asilimia 56. Kwa hiyo ile hali ya kusoma daftari mara tatu unajisikia umeelewa kila kitu ni utamu wa muda tu, kesho kutwa havipo. Jaribu wewe mwenyewe leo, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika unachokumbuka, afu fungua uone ulichoacha. Inauma na hujisikii kama umesoma vizuri, ila ndo kusoma kwenyewe.

Sasa utetezi. Faida hiyo yote inatokana na kukumbuka, haitokani na kuogopa. Jaribio la maswali matano bila majina kubandikwa ukutani linakupa faida ile ile, na shule inayopanga watoto wa kwanza mpaka wa mwisho kila Ijumaa imeongeza hofu juu ya kitu ambacho hakikuhitaji hofu. Na ulizeni hili, tena kwa adabu, karatasi zikirudi huwa tunafanya nini nazo? Kama jibu ni kuangalia namba nyekundu na kuzikunja basi mko sahihi kuchoka, maana mwalimu naye hajajua chochote cha kufundisha Jumatatu ambacho hakukijua Alhamisi. Mtihani usiobadilisha somo linalofuata ungefutwa na hakuna ambaye angeona pengo, labda fundi wa mashine ya kurudufu.

Mwalimu wa mwanangu siku hizi hatoi maksi kwenye daftari, anaandika maelezo tu "rudia hatua ya pili", "mfano wako ni mzuri ila haujibu swali". Mimi nitajuaje mtoto wangu ni wa ngapi? Nimlalamikie?
*Baba wa darasa la sita*

Hapana baba, huyo mpelekee salamu zangu. Mwaka 1988 Ruth Butler alichapisha utafiti kutoka Israeli, watoto wa miaka 11 na 12 hivi, wengine walirudishiwa kazi na maksi peke yake, wengine maelezo peke yake, wengine vyote viwili. Waliopiga hatua ni wa maelezo peke yake. La kushangaza ni hao wa vyote viwili, walikuwa sawa tu na wa maksi, maana mtoto akishaona namba macho hayateremki tena kwenye maelezo, anageuka kumuuliza jirani "we umepata ngapi?" Na sisi wazazi tuko hivo hivo, ukweli usemwe. Mtoto wako ni wa ngapi utaambiwa mwisho wa muhula. Leo usiku muulize hiyo hatua ya pili ilikuwaje.

Mheshimiwa mwalimu mkuu, bodi yetu imeamua walimu wapangwe kwa matokeo ya mitihani, wa juu wapewe zawadi, wa chini wapewe barua. Mimi ni makamu mkuu na wamenipa kazi ya kuandaa jedwali. Naona kuna kitu hakiko sawa ila sijui niseme nini kwenye kikao.
*Makamu*

Ndugu yangu, una haki ya kuhisi hivo, na bahati nzuri mambo haya yameshaandikwa. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Donald Campbell alieleza kwamba kadiri kipimo cha namba kinavyotumika kuamua mambo makubwa ya watu, ndivyo kinavyozidi kuharibiwa, na kinaharibu hata kile kilichokuwa kinapimwa. Na alitaja mitihani ya shule kabisa: kama kipimo cha kawaida cha maendeleo inafaa, ila ikigeuka kuwa ndo lengo lenyewe la kufundisha inapoteza thamani yake.

Ukitaka mfano wa kuwanyamazisha kikaoni waambie kuhusu mji wa Atlanta. Marekani walikuwa na sheria ya No Child Left Behind, yani asiachwe nyuma mtoto yeyote, iliyosainiwa 2002, shule zinabanwa kwa alama, na Atlanta alama zikawa zinapanda kwa namna ya kushangaza, viongozi wakasifiwa nchi nzima. Wachunguzi walipoingia, ripoti ya 2011 ikasema walimu na wakuu wa shule 178 katika shule 44 walihusika na udanganyifu, watu walikuwa wanachukua karatasi za watoto, wanafuta jibu lisilo sahihi na kuweka lililo sahihi. Mwaka 2015 watu 11 wakatiwa hatiani mahakamani. Walimu hao hawakuzaliwa wezi. Na aliyeumia zaidi ni mtoto ambaye alikuwa hajui kusoma vizuri, karatasi ikasema anajua, kwa hiyo msaada aliostahili hakuupata, nani ampe msaada mtoto aliyefaulu?

Na hata pasipo wizi, mwalimu aliyewekewa barua mezani atafanya mambo ambayo yote ni halali na yote ni mabaya, atafundisha kupitia past pepa tu, atawaacha wa chini kabisa maana hawatafika na wa juu kabisa maana wameshafika, atabaki na wale wa katikati wanaokaribia mstari wa kufaulu. Masomo yasiyo na mtihani yatakufa kimya kimya. Mwalimu mzuri aliyekuwa anajitolea kuchukua darasa gumu hatajitolea tena, we ungejitolea?

Usiende kikaoni ukakataa tu, wataona unajikinga. Peleka pendekezo lingine, matokeo yatumike kujua mada, yani jedwali lako liwe la maswali, swali la 7 limeangusha madarasa yote mawili, kwa nini, nani kati yetu analifundisha vizuri twende tukamuone. Hilo jedwali walimu watakuja wenyewe kuliangalia.

Maswali ya kuchagua A B C D si uvivu wa mwalimu tu?
*Mwalimu wa hisabati*

Inategemea yametungwa vipi. Yalianza Marekani miaka ya 1910, Frederick Kelly wa Kansas alitaka usahihishaji wa haraka na usio na upendeleo, na kwa haraka kweli yamefanikiwa. Uvivu unaingia kwenye majibu yasiyo sahihi. Wengi tunaweka jibu sahihi afu tunajaza takataka tatu.

Angalia hili, ipi ni kubwa kuliko zote: 0.4, 0.75 au 0.625? Mtoto anayedhani tarakimu nyingi ni namba kubwa atachagua 0.625. Kuna mwingine amesikia kwamba baada ya nukta mambo yanakuwa kinyume, huyo anadhani fupi ndo kubwa, atachagua 0.4. Kila jibu limekaa pale kwa ajili ya ugonjwa wake. Ungeuliza kati ya 0.5 na 0.45 tu huyo wa pili angepata vema, ungemsifia, na ungekuwa umempitisha na kosa lake kichwani mpaka mwaka ujao. Swali la hivi waulize katikati ya somo, wanyooshe kidole kimoja, viwili au vitatu kwa pamoja macho yamefumbwa, ndani ya sekunde kumi umeshajua uendelee au urudi nyuma. Haina haja ya umeme. Programu zipo zinazofanya hivyo hivyo na zinakuchorea na grafu, sawa, nzuri, ila kama maswali ni takataka grafu nayo itakuwa ya takataka.

Kuandika notisi kwa mkono au kwa laptopu, ipi bora?
*Mwanachuo*

Utafiti wa Mueller na Oppenheimer wa 2014 ulisema mkono, maana anayetaipu ananakili neno kwa neno na wa mkono analazimika kufupisha. Ukasambaa sana. Waliojaribu kuurudia baadaye hawakupata tofauti kubwa namna hiyo, kwa hiyo mtu asikutishe. Ukitaipu kwa maneno yako mwenyewe uko vizuri, na zima ujumbe unaoingia, huo ndo unaokula akili.

Na simu je? Turuhusu au tupige marufuku?
*Mkuu mwenzio*

Marufuku wakati wa masomo, kwa shule za watoto, sina mjadala mrefu. Ufaransa walishaweka sheria toka 2018 kwa shule za msingi na zile za miaka minne inayofuata. Ila iwahusu na walimu pia, mwalimu anayechati mbele ya darasa akimnyang'anya mtoto simu anachekwa tu.

Naanza kazi muhula ujao, ni mwalimu mpya. Shule ina projekta mbili na walimu wanazigombania. Unanishauri nianze na nini?
*Mwalimu mpya*

Karibu kazini mwanangu. Projekta waachie kwanza, usianze na ugomvi. Kila kipindi chako kianze na maswali matatu ubaoni, moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, wanajibu kimya kwenye daftari bila kufungua nyuma, dakika tano, wanajisahihisha wenyewe, huandiki maksi popote. Wewe zunguka tu usome mabegani mwao. Ukiona lile la mwezi uliopita limewashinda wengi usiwagombeze, lirudishe kesho kwa sura nyingine. Mwisho wa kipindi waandike kwenye kipande cha karatasi kitu kimoja ambacho hakijakaa sawa, kusanya, nyumbani yapange mafungu kabla hujaandika andalio la kesho, inachukua muda mfupi kuliko unavyofikiri. Fungu kubwa kuliko yote ndo mwanzo wa somo lako. Na siku utakayokuwa na picha ambayo kwa chaki haichoreki, moyo unavyopiga au dunia inavyolizunguka jua, hapo nenda kaombe projekta, watakupa.